Gesi ya Heshima

Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi hapa Mwanza, na kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba mkono wangu wa kulia una akili kuliko mizani yoyote. Mafundi waliosoma walipima gesi kwa gramu. Mimi nilishika bomba linalorudi kwenye kompresa, nikafumba macho kidogo, nikakunja uso kama mtu anayeonja mchuzi, kisha nikatamka, "Bado." Naongeza. Nashika tena. "Sasa." Wateja waliyapenda sana hayo macho ya kufumba, na nadhani nusu ya sifa zangu mjini zilitokana nayo.

Na mtu wa kwetu analijua friji zuri kwa barafu tu. Hakuna anayekuuliza mboga zitakaa siku ngapi. Anafungua kile kimlango cha juu, anagonga kwa ukucha. Ikilia ko, ko, wewe ni fundi. Maji yakiwa ya baridi tu, wewe ni tapeli. Kwa hiyo nilijifunza mapema kuwapa watu barafu. Ziwa lingekuwa na mlango, ningeligandisha hadi Ukerewe.

Kisha nikaitwa kwenye mafunzo ya gesi mpya, zile zisizoharibu hewa. Tulikaa siku tano ukumbini, tukifundishwa jinsi dunia inavyozidi kupata joto, huku kiyoyozi cha ukumbi kikiwa kimeshushwa hadi tukavaa makoti. Hakuna fundi hata mmoja kati yetu aliyenyanyuka kukipunguza. Mkufunzi wetu alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Alitueleza kwamba zile gesi za zamani tulizokuwa tukizifungulia uani, psss, ili tuanze kazi haraka, zinapanda juu na kukaa huko miaka mingi, nyingine zikitoboa kile kinachotukinga na jua, na karibu zote zikiongeza joto kuliko moshi wa mkaa. Nikaanza kuhesabu kwenye daftari mafriji niliyoyafungulia mimi. Nilipofika mtaa wa tatu nikaacha, nikachora maua pembeni ya ukurasa.

Gesi mpya ni ndugu wa ile ya kupikia. Haidhuru anga, inakula umeme kidogo, na inayohitajika ni kidogo mno. Lakini inashika moto, na lazima ipimwe. "Hii haikisiwi," binti yule alisema. "Ikipungua ni tatizo, ikizidi ni tatizo. Fuateni kibao kilicho nyuma ya friji." Akanitazama mimi, maana siku ile ya vitendo alikuwa ameniona nikifumba macho.

Nilirudi nyumbani na cheti pamoja na mizani ndogo ya kupimia gesi. Cheti nilikitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Mizani niliiacha kwenye boksi lake, isije ikachubuka.

Mtu wa kwanza kufaidi elimu yangu alikuwa mama mkwe wangu. Yeye anaishi ng'ambo, ukishashuka kivuko cha Kamanga unaenda mbele kidogo. Ana ugonjwa wa sukari na anajichoma insulini asubuhi na jioni. Hakuwa na friji, hivyo dawa yake ilikaa kwenye friji la duka kando ya barabara, katikati ya soda. Kila siku mara mbili alitembea hadi pale, akasubiri mwenye duka amalize wateja, akapewa kichupa chake mbele ya watu, akajichoma nyuma ya duka. Siku moja mwenye duka alifunga akaenda msibani, na mama akakosa dawa mpaka kesho yake. Mke wangu aliposikia alilia, nami nikasema basi, tunanunua friji. Nikaongeza kwa sauti ya cheti kwamba halitakuwa friji la hivi hivi. Litakuwa la gesi mpya.

Hapa lazima nieleze mambo yangu na mkwe wangu, maana bila hayo mtu hataelewa jinsi wazima wawili wenye akili zao walivyokaribia kuuana kwa adabu.

Sisi ni Wasukuma, na kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Siku hizi wengi wameilegeza desturi hiyo. Nimewaona watu wakipiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mama mkwe wangu hakulegeza chochote. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kunipa mkono wala kunitazama usoni. Tukikutana njiani naingia kwenye majani, yeye anainamisha kichwa, tunapishana. Mimi namwita mayu, kama ninavyomwita mama yangu. Akiwa na jambo la kuniambia, anamtuma mtu. Mtu asipokuwepo, anautuma upepo. Anasimama nyuma ya mlango na kusema, "Mwambieni mkwe chai iko tayari." Nyumbani tuko wawili tu. Nami nauambia ukuta, "Mwambieni mayu nashukuru." Wageni wakisikia wanacheka, lakini mimi naona raha. Sijawahi kuheshimiwa na mtu kama nilivyoheshimiwa na mama huyu.

Friji lilipokuja, nilisimamia usafiri mwenyewe. Mimi ambaye nimewafokea wateja wangapi kwa kulaza mafriji, nilililaza langu juu ya mkeka kwenye pikapu, ili watu kivukoni wasilikodolee macho. Nikafunga kamba kwa nguvu zangu zote, na kamba ikapita juu ya kile kibomba chembamba cha nyuma. Tulipofika, friji liliunguruma vizuri, likawaka taa vizuri, halikupoza kitu. Kibomba kilikuwa kimepasuka na gesi yote imekwisha. Nilimwambia mke wangu ni kasoro ya kiwandani.

Jumamosi iliyofuata nilivuka na vifaa vyangu. Mke wangu alikuwa kazini, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mayu na upepo wetu. Friji lilikaa jikoni, na jikoni kulikuwa na moto wa kuni na chungu cha maharage juu yake. Nikasimama uani nikageukia ukuta.

"Mwambieni mayu auzime moto. Gesi hii inashika."

Kutoka ndani, "Mwambieni mkwe chakula chake hakijaiva."

"Mwambieni mayu nitakula hivyo hivyo."

"Mwambieni mkwe maharage mabichi yatamletea tumbo."

Tulikwenda hivyo mpaka upepo ukachoka. Mwishowe alizitoa kuni mwenyewe, akazimwagia maji uani, akahamia chini ya paa la nyumba kubwa akanipa mgongo. Nikafungua madirisha, nikaziba ufa wa kibomba, nikavuta hewa yote kwa pampu. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikaitoa mizani kwenye boksi. Nikaweka kopo la gesi juu yake. Kibao cha nyuma kilisema gramu arobaini na tano. Nikafungua, nikahesabu, nikafunga. Ilikwisha kabla sijakaa vizuri.

Gramu arobaini na tano! Nikalitazama lile friji jeupe, refu karibu sawa na mimi, nikaona aibu. Nikikumbuka vizuri, ilikuwa aibu kabisa, ya kwenye masikio. Mtu haendi ukweni akapima. Ukipeleka sukari unapeleka mfuko uliojaa, ukipeleka samaki unapeleka sato ambaye mkia unatoka nje ya kikapu. Sasa mimi, fundi wa miaka ishirini, nimpimie mama wa mke wangu gesi kama mtu anayetia chumvi kwenye yai? Akija fundi mwingine akagundua, atasema nini juu yangu?

Nikaiondoa mizani. Nikashika bomba. Nikafumba macho, ingawa hapakuwa na mtu wa kunitazama, nikasema, "Bado." Nikaongeza kiasi cha heshima. Kisha nikakumbuka kwamba mke wangu ni mtoto wake wa kwanza, nikaongeza tena. Kitufe cha baridi nikakizungusha hadi namba ya mwisho, nikakizungushia utepe mweusi wa umeme, ili asije mtu akakigusa na kuharibu kazi yangu.

Jioni ile mayu aliihamishia dawa yake nyumbani. Aliiweka rafu ya juu kabisa, mahali pa heshima, chini tu ya kile chumba cha barafu.

Niliporudi kuangalia baada ya majuma mawili, nilifungua mlango nikapiga kelele ya furaha. Nyanya zilikuwa mawe. Nilichukua moja nikaigonga mezani, ko! Maziwa yalisimama kwenye jagi. Ukuta wa ndani ulikuwa umeota barafu kama ndevu za mzee. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la mafundi kwenye simu, nikaandika, "Gesi mpya, mkono wa zamani." Wakaniita profesa. Mmoja aliweka vidole gumba kumi na viwili, nilivihesabu.

Nyuma ya mlango sauti ikasema, "Mwambieni mkwe friji lake lina nguvu sana."

"Mwambieni mayu hiyo ndiyo kazi yangu."

"Mwambieni halipumziki. Usiku na mchana linaunguruma."

"Mwambieni hiyo ni dalili ya afya."

Nikasikia hatua zake zikiondoka. Nilichukulia kwamba nimemridhisha. Leo najua kwamba yale yalikuwa malalamiko makali kuliko yote ambayo adabu yake ilimruhusu kuyatoa, na mimi niliyapokea kama pongezi na kwenda kula ugali.

Mwezi ule mke wangu alianza kuwa na wasiwasi. Akipiga simu, mama yake alikuwa anakunywa maji tu, anaamka kila mara kwenda chooni, khanga haikai tena kiunoni. "Na dawa anachoma," mke wangu alisema. "Anachoma kila siku, namuuliza." Mimi nilikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa na jibu la kila kitu. Nikasema tatizo ni chakula. Nikamtumia ujumbe kupitia kwa binti yake kwamba apunguze ugali, aache viazi vitamu, asiguse wali. Mama wa watu akatii. Akawa anakula mchicha na maji, na anakonda.

Asubuhi moja jirani yake akapiga simu: mayu haamki vizuri, anahema kwa nguvu, hajibu sawasawa. Akavushwa na gari la jirani huyo, mwanawe akiendesha. Nilikuwa nawasubiri upande wa mjini, na kivuko kilipokaribia nilimwona amelazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya jirani, mdomo umekauka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nilimtazama usoni, na yeye hakuwa na habari. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaingia mbele tukaenda hospitali.

Hospitalini sikuingia wodini. Mayu alikuwa amelala amefunikwa shuka moja, na mimi ni mkwe. Nikasimama nje ya mlango wazi, mgongo ukutani. Ndani, muuguzi alikuwa anamhoji mke wangu. Sukari imepanda mno, alisema, kama mtu asiyechoma dawa kabisa. Mke wangu akaapa kwamba anachoma.

"Dawa inahifadhiwa wapi?" muuguzi akauliza.

Swali hilo, nikiri, lilinifurahisha. Hofu yote ile, na bado sehemu fulani ya moyo wangu ikainua kidevu.

"Kwenye friji," nikajibu kutoka koridoni. "Friji zuri sana. Mimi ni fundi wake."

Muuguzi akachungulia. "Wewe baba ni nani wa mgonjwa?"

"Mkwe. Friji lenyewe linagandisha mpaka nyanya." Na nikatoa simu. Hakuna aliyeniomba. Nikatoa simu mwenyewe, nikaitafuta ile picha, nikamkabidhi, nikasubiri aseme profesa.

Muuguzi akaitazama. Akaweka vidole viwili juu ya kioo akaivuta ikawa kubwa. Nyuma ya nyanya zangu, rafu ya juu, kulikuwa na kiboksi kidogo kimevikwa barafu hadi maandishi hayasomeki.

"Na hiki ni nini?" akauliza.

Nilikijua. Mke wangu pia alikijua, maana yeye ndiye aliyekuwa akikichukua hospitali kila mwezi na kukivusha. Muuguzi akatueleza taratibu, bila hasira, na ingekuwa heri angenifokea. Insulini inataka ubaridi, lakini ikishaganda mara moja tu, imekwisha. Ukiiyeyusha unaweza kuiona haina kasoro, lakini haina kazi. Mama alikuwa anajichoma maji. Mke wangu alinirudishia simu bila kunitazama, akaingia ndani akakaa kitandani kwa mama yake.

Nilibaki koridoni siku mbili. Nilikuwa naambiwa niende nyumbani, sikwenda. Siku ya tatu sukari ilianza kushuka, na mchana nikasikia sauti yake, nyembamba, ikiomba uji. Mke wangu akatoka kuutafuta. Nikajua nafasi ndiyo hiyo, na kwamba nikiikosa nitaishi na jambo hili kama kipande cha mfupa kooni.

"Mwambieni mayu," nikaanza, nikiuambia ukuta wa koridoni, "dawa iliganda. Mimi ndiye niliyezidisha gesi. Niliambiwa nipime, nikapima, halafu nikaongeza. Mwambieni nilitaka kumheshimu." Mtu mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akahamia benchi jingine.

Ndani kitanda kililia kama mtu anayejigeuza.

"Niliona," akasema.

Nilidhani anaongea na mgonjwa wa jirani.

"Niliona imeganda, mkwe. Tangu juma la kwanza. Kila asubuhi niliishika kwapani mpaka inalainika, ndipo najichoma. Nilitaka kuirudisha dukani. Nikasema, watu watauliza kwa nini, na friji lipo. Watasema mkwe wangu hajui kazi."

Sina namna ya kuliweka hili lichekeshe. Mwanamke yule alikuwa akiona jina langu na maisha yake, na kila asubuhi, dawa ikiwa kwapani, alichagua jina langu. Na jina lenyewe lilikuwa la mtu wa nyanya zilizogonga meza.

Nikavuka siku ileile. Nilikitoa kile kitepe cheusi, nikaitoa gesi yote nje mbali na moto, nikavuta hewa, nikaweka mizani chini penye usawa. Arobaini na tano. Mkono wangu wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye bomba, nikautia mfukoni. Kitufe nikakiweka katikati. Nikatundika ndani ya mlango kipimajoto chenye namba kubwa, dawa nikaiandalia kikopo rafu ya kati. Kisha nikafungua kundi la mafundi, chini ya picha ileile, nikaandika kilichotokea, chote. Hakuna aliyeniita profesa. Kesho yake mmoja akaniandikia faragha kuuliza kama zile gramu alizoongeza kwenye friji la mama yake mzazi anaweza kuzipunguza bila kuzitoa zote. Nikamwambia azitoe zote apime upya, na aende leo.

Mayu aliporudi kwake, nilimwomba kitu kimoja: kila asubuhi anisomee namba ya kipimajoto, kati ya mbili na nane ni salama. Nilimwomba moja kwa moja, kwa simu, bila kumtuma mtu. Nilitegemea atampa jirani simu. Kesho yake saa moja simu ikalia.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Tano." Akakata.

Ikawa hivyo. Tano. Nne. Tano. Sita, umeme ulikatika. Hakuna habari za kulala wala za watoto, ni namba tu, na mimi nanywa chai yangu nikiwa na amani. Lakini moyoni nilikuwa na wasiwasi mmoja ambao sikumwambia hata mke wangu: kwamba siku namba ikiwa mbaya, mama huyu atasema tano.

Juzi simu ililia kabla ya saa moja.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Kumi na moja." Nikasikia anavuta pumzi. "Ule mpira wa mlango wa friji uliouweka juma lililopita umeachia. Umeubandika vibaya, mkwe. Dawa nimeshaipeleka dukani, na mwenye duka ameuliza, nikamwambia kazi yako mbovu. Njoo utengeneze."

Nilivaa shati kinyume kwa furaha, nikawahi kivuko cha kwanza.